Vunjua: Toni Braxton kwenye cherehani ya shangazi

Shangazi yangu hajui Kiingereza, lakini katikati ya mwaka 1997 aliniuliza swali la Kiingereza ambalo nimekaa nalo miaka yote hii. Alikuwa barazani kwake, Ngamiani, Tanga, nyuma ya cherehani ya kukanyaga, magoti yamefunikwa na kitenge cha mteja. Redio kaseti ilikuwa juu ya kasha la vitambaa. Ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, ya chini kabisa, kama mtu anayeongea huku amejifunika uso kwa mto. Shangazi akaacha kukanyaga.

"Huyu analia nini?" akaniuliza. "Wewe si unasoma? Hebu niambie anasemaje."

Nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa nakionea fahari Kiingereza changu. Nikaanza kumfasiria. Anamwambia mwanamume asimwache na maumivu haya. Anamwomba arudi amfute machozi. Nilikuwa naenda vizuri mpaka kilipofika kiitikio, nikakwama. Wimbo unaitwa "Un-Break My Heart".

"Break" niliijua: vunja. Ile "un" ya mbele nayo tulikwisha kufundishwa darasani, kwamba inakigeuza kitendo kirudi kilikotoka. Na Kiswahili kina kitu hicho hicho, tena mimi naona chetu ni kizuri zaidi, maana kinakaa mkiani mwa kitenzi kimyakimya na hakihitaji kistari. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kwa hiyo nikasema kwa kujiamini kabisa: "Anasema, vunjua moyo wangu."

Shangazi akanitazama. "Afanye nini?"

"Avunjue. Vunja, vunjua. Kama kunja, kunjua."

Alicheka mpaka kitenge kikamdondoka magotini. Kisha akanyamaza. "Vunjua," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Ingekuwepo hiyo, mwanangu."

Nikamwambia labda tufasiri "unga moyo wangu", ndiyo lugha ya watu. Akakataa kabla sijamaliza. Kitu kilichoungwa kina kiungo, akasema, na macho yanakiona. Huyu hataki kiungo. Anataka kiwe kama hakikuvunjika kamwe. Halafu akachukua wembe, akarudi kwenye kazi yake ya kufumua mkono wa gauni alioushona vibaya jana yake.

Nimesoma mengi kuhusu wimbo huo tangu siku ile, na sijaona maelezo yake yaliyoupiku ufafanuzi wa shangazi.

Mtunzi wake ni Diane Warren, mwanamke wa Los Angeles ambaye ametungia nusu ya waimbaji wakubwa wa Marekani. Amewahi kueleza kwamba jina ndilo lililomjia kwanza. Hilo neno lenyewe, lisilo la kawaida hata kwa wenye lugha, ndilo lililomkalisha kwenye piano. Mtayarishaji alikuwa David Foster, yule yule aliyesimamia wimbo mkubwa wa Whitney Houston wa 1992. Toni Braxton aliuweka kwenye albamu yake ya pili, *Secrets*, ya 1996. Mwanzoni hakuutaka, na amelisema hilo waziwazi. Alikuwa amechoka kuimba kuachwa, kwa sababu albamu yake ya kwanza, ya 1993, ilimpa jina kwa nyimbo za majonzi hayo hayo. L.A. Reid, bosi wa kampuni yake ya muziki, ndiye aliyemshawishi. Wimbo ukatoka Oktoba 1996, na kuanzia Desemba ukakaa wiki 11 namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100. Februari 1997 ukampa Grammy ya uimbaji bora wa kike wa pop.

Ukitaka kujua kwa nini unashika koo, sikiliza namna ulivyojengwa. Ubeti uko chini, mahali ambapo wanawake wengi hawawezi kuimba bila sauti kukauka, na hapo ndipo Toni yuko nyumbani kwake. Kiitikio kinapofika, ufunguo wa wimbo unaruka juu bila kubisha hodi. Ubeti wa pili ukianza anateremshwa tena kule kule chini. Kila akipandishwa anadhani ameokoka, kila ubeti unamrudisha. Hiyo hesabu ya kupanda na kushuka ndiyo huzuni yenyewe. Hata asiyejua neno moja la Kiingereza anaisikia, na shangazi aliisikia.

Video yake tuliiona baadaye. Bille Woodruff, aliyeiongoza, aliugeuza wimbo kuwa msiba: mwanamume, ambaye ni mwanamitindo Tyson Beckford, anatoka na pikipiki, anapata ajali, anakufa, na mwanamke anabaki kwenye jumba kubwa na kumbukumbu za bwawa la kuogelea. Watu wengi waliipenda. Shangazi hakuipenda hata kidogo. "Aliyekufa hajakuacha," alisema. "Ameitwa. Huyo wa kwenye wimbo hakuitwa na mtu."

Alikuwa na haki ya kusema. Mume wake alikwenda Mombasa kutafuta maisha, mwaka mmoja ukawa miwili, na talaka yake ililetwa na kondakta wa basi ndani ya bahasha, pamoja na kifurushi cha tende. Tende hizo zilikaa juu ya kabati mpaka zikaota sukari nyeupe. Sina la kuongeza hapo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuongeza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Januari 1998, msimu wa sare za shule, kaptula za kaki zilikuwa zimerundikana barazani mpaka dirishani. Kijana mmoja wa mtaa wetu, baharia, alirudi nyumbani kupitia Dubai akiwa na sidi. Ilikuwa sidi ya wimbo mmoja tu, na hilo peke yake lilitushangaza: wimbo mmoja, umepigwa kwa namna kadhaa. Akaturekodia kwenye kanda ya TDK ya dakika tisini. Nikaipeleka kwa shangazi kama zawadi bila kuisikiliza kwanza.

Ngoma ikaanza. Du, du, du, du, haibadiliki, kama mtu anayetwanga na hana mpango wa kupumzika. Nikadhani kijana amekosea wimbo. Ikaenda hivyo muda mrefu, vikaingia vinanda, vikaingia vitu vinavyolia kama upepo, na mimi bado nasubiri. Kisha ikaja sauti ya Toni. Sauti ile ile, maneno yale yale, kilio kile kile, lakini chini yake watu wanaruka.

Nilikasirika kwelikweli. Nilikuwa na miaka kumi na saba na kwa umri huo huzuni ni mali yako, hutaki mtu aiguse. Niliona ni dharau. Niliona ni kama kupita kwenye nyumba yenye matanga ukakuta vijana wamefungulia disko kwenye turubai la msiba. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," akasema shangazi.

Nikamtazama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama kaptula. Lakini mguu wake ulikuwa umeushika ule mdundo. Kama hujawahi kukaa nyuma ya cherehani ya kukanyaga, nikueleze. Haiendeshwi kwa nguvu. Kisigino kinashuka, vidole vinashuka, kisigino tena, na gurudumu likishazoea linajivuta lenyewe. Ukisita katikati, gurudumu linarudi nyuma. Likirudi nyuma uzi unajisokota upande wa chini wa kitambaa, unafanya fundo kama kiota cha ndege, na hapo huna la kufanya ila kukata na kuanza upya. Ule wimbo wa taratibu ulikuwa unamletea viota hivyo. Nilikwisha kumwona mara nyingi: Toni akifika kwenye kiitikio, mguu wa shangazi unazubaa, gurudumu linarudi nyuma, na yeye anavuta pumzi na kutafuta wembe.

Siku ile hakusita hata mara moja. Alishona kaptula moja ya kaki, akaingia ya pili, sauti inalia na mguu unakwenda, na uso wake ulikuwa umelowa. Alilia dakika zote karibu kumi za rimiksi ile na mshono wake ulinyooka kama umepigwa rula. Ilipokwisha akasema nirudishe nyuma. Nikarudisha kwa kalamu ili nisimalize betri.

Tangu siku hiyo nyimbo zilikuwa mbili kwa majina aliyoyatoa yeye: "ile ya kulalia" na "ile ya kukanyagia".

Ile ya kukanyagia, nimekuja kujua, ni kazi ya Hex Hector wa New York pamoja na Soul Solution, yaani Ernie Lake na Bobby Guy. Waliiita Soul-Hex Anthem. Wimbo wa asili una dakika nne na nusu hivi, wao waliufikisha mara mbili ya hapo na zaidi. Na kwa rimiksi hizo wimbo wa kulia ukashika namba moja hata kwenye chati ya Billboard ya nyimbo za klabu. Watu waliokuwa wanaulilia vitandani na watu waliokuwa wanauruka ukumbini walikuwa wananunua sidi moja.

Namna inavyofanyika inafanana na ufundi cherehani kuliko inavyofanana na kitu kingine chochote ninachokijua. Studio ina sauti ya mwimbaji peke yake kwenye utepe wake, bila gita wala vinanda. Rimiksa anapewa sauti hiyo tupu. Gauni lote linafumuliwa, bitana inatupwa, vifungo vinatupwa, anabaki na kitambaa. Muziki wa hausi, huo wa kuchezea ukumbini, unakwenda mapigo kama 120 mpaka 130 kwa dakika. Wimbo wa bluzi ukiuhesabu kwa utulivu unaweza kuwa nusu ya hapo, kwa hiyo mtu mwenye sikio anaona kwamba pigo moja la kilio linaweza kubeba mapigo mawili ya ngoma. Sauti inaingizwa kwenye sampula, mashine ya kuhifadhi na kupiga vipande vya sauti, inavutwa au kubanwa kidogo ili ikae sawa bila kubadilika kimo. Ukikosea kidogo tu, mwimbaji anasikika kama anaongea na pua. Ukipatia, hakuna anayejua kwamba hakuwahi kuimba mbele ya ngoma hiyo.

Halafu kuna lile jambo ambalo mafundi wazuri wa hausi wanalijua na wabovu hawalijui. Katikati, ngoma zinakatwa. Zote. Ukumbi uliokuwa unaruka unajikuta umesimama, mikono juu, na sauti moja ya mwanamke iko peke yake hewani. Watu wanashikwa. Kisha ngoma inarudi na sakafu yote inashuka pamoja. Nimekuwa kwenye kumbi za Dar es Salaam usiku wa manane na nimeona mtu mzima, aliyekuja na kundi la wenzake wa kazini, akifumba macho wakati huo. Bluzi ya taratibu inamtaka mtu awe na mwenza wa kumkumbatia, au akae pembeni awatazame wenye wenza. Rimiksi haimtaki mtu awe na mwenza.

Katika sidi ile kulikuwa na fundi mwingine, na jina lake ni lazima nilitaje kwa heshima: Frankie Knuckles. Alizaliwa New York mwaka 1955, akahamia Chicago, na kuanzia 1977 alikuwa dijei wa ukumbi ulioitwa Warehouse. Jina la muziki wa hausi linatokana na ukumbi huo. Waliokwenda pale wengi walikuwa vijana weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa mashoga, watu waliofungiwa milango na ndugu zao wenyewe. Kwa umati huo Knuckles alijenga muziki ambao haukuwa na ugomvi: piano, nyuzi za fidla, besi inayotembea kwa adabu. Rimiksi zake za wimbo huu zina upole huo. Zile za Soul-Hex zinakuvuta mkono, za kwake zinakungoja uinuke mwenyewe. Mwaka 1998, Grammy walipoanza kutoa tuzo ya rimiksa bora, ya kwanza kabisa alipewa yeye. Mwaka 2004 jiji la Chicago likaupa jina lake mtaa uliokuwa na Warehouse, na mmoja wa waliosaidia jambo hilo likapita alikuwa seneta wa jimbo la Illinois aitwaye Barack Obama. Knuckles alifariki Machi 31, 2014.

Nilipoanza kusoma habari za watu hao ndipo hasira yangu ya 1998 iliponiaibisha. Kumbi zile za Chicago na New York zilikuwa zimezika watu kwa ukimwi kwa zaidi ya miaka kumi. Dawa za mchanganyiko zilizoanza kuwarudishia watu uhai zilipatikana kwao mwaka huo huo wa 1996 wimbo ulipotoka. Aliyekuwa anacheza "Un-Break My Heart" saa tisa za usiku alikuwa anajua hasa anaomba nini, na anajua halipatikani. Mimi nilidhani wanacheza kwa sababu hawana uchungu.

Sisi nasi tulikuwa tunazika. Ngamiani ile ya miaka ya tisini, turubai lilikuwa haliishi kuhama kutoka barabara hii kwenda ile, na watu wakisema "aliugua tu" na kuishia hapo. Dawa za bure kwetu zilianza mwaka 2004. Shangazi alishonea misiba mingi kuliko harusi miaka ile. Hilo halikuniingia akilini nilipokuwa nanyoosha mkono nizime redio.

Yeye hakuhitaji Chicago imweleze. Wiki chache baada ya ile kanda nilimuuliza, kwa ile sauti ya mtoto anayejifanya mwalimu, anawezaje kukanyaga cherehani kwa furaha wakati mtu analia.

"Furaha nani kakwambia?" akasema. "Taarabu ilipokuwa inapigwa hapa, nani alikaa akalia? Wimbo ukikugusa unainuka. Unatoa hela yako, unacheza mpaka mbele, unatuza, unarudi. Anayekaa kwenye kiti akalia, huyo mgonjwa, apelekwe nyumbani."

Shangazi alikuwa msichana Tanga wakati wa Black Star na Lucky Star. Nani anayezikumbuka bendi hizo asisimkwe? Taarabu ya zamani ilikuwa ya udi, fidla na ganuni, ya kuketi na kusikiliza. Vijana wa Tanga wakaingiza magitaa, besi, na mapigo ya dansi, na wazee wakanung'unika kwamba taarabu imeharibiwa. Bi Shakila akaiimba hivyo hivyo na haikuharibika. Wimbo wake maarufu wa miaka hiyo unaitwa "Macho Yanacheka", na kila mtu wa pwani anajua kwamba macho yakicheka kuna kingine kinacholia. Shangazi aliucheza wimbo huo kwa miguu yake akiwa na miaka ishirini. Rimiksi ya Toni Braxton ilipofika barazani kwake haikuwa na jipya la kumfundisha. Ilikuwa mgeni aliyekuja na sura ya ukoo.

Mtu anayetuza, mtazame vizuri siku ukipata nafasi. Hakimbilii mbele. Anangoja ubeti wake, ule unaomsema yeye au unaomsema adui yake. Anainuka na noti imekunjwa kwa urefu katikati ya vidole viwili, mkono juu, mabega yanakwenda kwa mbali, uso hauna tabasamu. Ukumbi mzima unajua kwa nini ameinuka kwenye ubeti huo na hakuna anayesema. Anafika mbele, anaiweka noti, anarudi kwenye kiti chake, na safari nzima imefuata ngoma. Sijui namna nyingine ya kusema "nami yamenifika" ambayo ina heshima zaidi ya hiyo.

Siku hizi kwetu neno rimiksi limechukua maana nyingine. Msanii wa Bongo Flava akisema anatoa rimiksi, mara nyingi ana maana ametafuta nyota mwingine aimbe ubeti, kama Diamond Platnumz alivyomwita Davido kwenye "Number One". Hilo nalo lina baba yake Marekani: Mariah Carey mwaka 1995 alimwita mchanaji mashairi wa kundi la Wu-Tang, Ol' Dirty Bastard, kwenye rimiksi ya "Fantasy", na biashara yote ikabadilika. Silidharau, lina faida yake, linavusha wimbo mpaka. Lakini humo gauni halikufumuliwa. Limeongezwa mkufu tu.

Wanaofumua kwelikweli kwetu ni watoto wa singeli. Vijana wa Manzese na Tandale huchukua kipande cha taarabu, wakakikimbiza mpaka kinapita mapigo 200 kwa dakika, wakakizungusha, na mtu anaghani juu yake kama nyumba inaungua. Wazee wa rika langu wanakunja uso. Mimi kila nikisikia fidla ya taarabu ikitoka puani mwa spika ya bodaboda kwa kasi ile, nakumbuka nilivyonyoosha mkono nizime redio, na mkono unabaki mfukoni.

Ziko rimiksi mbovu, tena nyingi, na sitaki msomaji aondoke akidhani nasifia kila kitu. Miaka ile ya tisini kila wimbo wa bluzi ulipewa ngoma ya hausi kwa lazima, kwa sababu kampuni zilitaka kuuza sidi mara mbili. Ukizisikiliza leo unasikia kitambaa kimekatwa bila kupimwa. Mwimbaji amepunguzwa mpaka sentensi moja inayorudiwarudiwa, ngoma haikatwi mahali, hakuna anayeachiwa pumzi. Kipimo changu ni kimoja. Zima ngoma kichwani mwako, sikiliza sauti tu. Kama bado inauma, fundi alikuwa anajua alichoshika. Ya Soul-Hex bado inauma. Za Knuckles zinauma zaidi, ila zinachelewa.

Toni Braxton mwenyewe, Januari ile ile ya 1998 tuliyokuwa tunaurudisha wimbo wake kwa kalamu, aliomba mahakamani atangazwe amefilisika. Albamu zake mbili zilikuwa zimeuzwa kwa mamilioni, naye mikataba imemwachia senti. Niliposoma habari hiyo miaka mingi baadaye nilimfikiria shangazi na zile harusi alizoshonea watu mpaka alfajiri, akalipwa nusu, nusu nyingine akaambiwa asubiri, mpaka leo.

Oktoba 1998 nilikuwa na mahafali ya kidato cha nne. Tulitakiwa gauni jeupe au la rangi ya maziwa, na nyumbani hapakuwa na hela ya kitambaa. Sikuomba. Usiku mmoja nikaamka kwa sababu nilisikia redio barazani, kwa sauti ya chini. Ilikuwa ile ya kukanyagia. Nikachungulia. Shangazi alikuwa ameketi chini ya taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika na redio inakwenda kwa betri, na gauni lake la harusi lilikuwa mapajani. Satini. Alikuwa na wembe, anafumua mshono wa ubavuni, uzi mmoja mmoja, anaupuliza, anauokota, anauweka kwenye kisahani. Hakuwa analia. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno ambayo hakuyajua maana, isipokuwa lile moja.

Satini ina tabia mbaya, mafundi wanaijua. Pamba ukiifumua na kuifua, matundu ya sindano yanajiziba. Satini hayazibiki. Mshono wa zamani unabaki umeandikwa, safu ya vitone vidogo kama nyayo za sisimizi. Alijitahidi kuvipanga vipande vyangu ili safu hizo ziangukie ndani ya upindo na chini ya kwapa. Moja haikuwezekana. Ilipita kifuani upande wa kushoto, kutoka begani kwenda kiunoni, na mtu akisimama karibu kwenye jua anaiona. Alinivika, akanigeuza, akaishika ile safu kwa kidole kuanzia juu mpaka chini.

"Hii imegoma," akasema. "Ukiulizwa, sema ni pambo."

Hakuna aliyeniuliza. Gauni bado ninalo.

Sasa ana zaidi ya miaka sabini na tano. Madaktari wamemwambia apunguze kukanyaga kwa ajili ya magoti, naye amepunguza kwa maneno. Mwezi uliopita alinipigia kuniuliza kama "ule wa vunjua" unapatikana kwenye simu. Nikamtumia mbili, ile ya kulalia na ile ya kukanyagia, na nikamwelekeza mjukuu wake namna ya kuzifungua.

Jioni ukaja ujumbe wa sauti, sekunde arobaini hivi. Mwanzoni hakuna maneno. Inasikika Soul-Hex kutoka kwenye simu nyingine, kwa mbali, pale pale ambapo ngoma zinakatwa na Toni anabaki peke yake. Chini ya sauti yake kuna cherehani, taka taka taka taka, haikusimama. Ngoma ikarudi ikaikuta bado inakwenda. Kisha shangazi akasema, kama mtu aliyegeuza kichwa kidogo tu: "Umesikia? Nishamaliza mkono wa kulia. Haya, kalale."